Punje Iliyozimika Lukumbo

"Ni wewe uliyeizima!"

"Mimi? Mimi niliyekaa nayo asubuhi moja tu? Waulize waliokaa nayo miezi!"

"Taa zako zilianza kwa kubembeleza, kama mtu anayemwamsha mgeni. Uliogopa nini?"

"Na mrija wako, Mzee Machano? Mnene kama bomba la kisima! Hata kuku angepita humo na vifaranga vyake."

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, watu hawa waligombana hivyo katika mji wa Lukumbo, ndani ya chumba ambacho kuta zake zilikuwa bado zina joto la taa. Aliyelaumu kwanza ni Mzee Machano, mjazaji, mtu wa miaka sitini na kitu. Aliyemjibu ni Sikudhani, mwenye taa, msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Alikuwapo na wa tatu, Zuwena, msuguaji. Yeye alikuwa amekaa sakafuni akitazama vidole vyake.

Nitawaeleza walichokuwa wakigombania, kisha mtaniambia ninyi.

Lukumbo ni mji wa juu, wenye baridi. Miti yake ilikuwa imekwisha. Wanawake walitembea siku mbili kutafuta kuni, na waliozikosa waliwasha mavi ya ng'ombe, nyumba zikajaa moshi, watoto wakakohoa mpaka wakabaki mbavu. Ndipo mwanamke mmoja, Bi Kidawa, akajenga nyumba nje ya mji, akasema, "Jua linawaka bila mti. Tutawasha la kwetu, dogo."

Watu wakacheka. Kisha wakachoka kucheka, wakaanza kumletea maji.

Ndiyo, maji. Ndani ya maji mna hewa nyepesi kuliko zote, na katika hewa hiyo mna chembe chache zilizo nzito kuliko zingine. Bi Kidawa alizichuja hizo. Nyingine, nzito zaidi, alizitengeneza mwenyewe kwa shida kubwa, na hizo zilikuwa na tabia ya kupungua zenyewe hata zikifungiwa. Mchanganyiko huo waliuita kuni, kwa sababu ndio uliokuwa uungue. Visima vyote vya Lukumbo, kwa miaka tisa, vilitoa kuni za kujaza punje moja. Moja tu.

Punje yenyewe ilikuwa sawa na punje ya pilipili manga. Nje ilikuwa na ganda gumu linalong'aa, na ndani ilikuwa tupu ikisubiri kuni. Ilikuwa iwekwe katikati ya taa mia moja, zote ziimulike kwa mara moja kutoka kila upande. Ngozi ya nje ya ganda ingefuka na kuruka nje, na sehemu iliyobaki ingesukumwa ndani kwa nguvu, ikizibana kuni mpaka ziwake kama jua linavyowaka. Jambo hilo lote lingemalizika kabla ya mtu kupepesa jicho.

Baraza la mji lilikubali kwa sharti moja. Moto wa punje urudishe joto kuliko lile lililotolewa na taa. Ukirudisha, mji mzima utajenga tanuri kubwa. Usiporudisha, baraza litatazama upya.

Siku ya kwanza ya kazi Bi Kidawa aliwaita watu wake watatu. Alijaza glasi maji hadi ukingoni, akaifunika kwa karatasi, akaigeuza juu chini. Maji hayakumwagika.

"Nani anayashika?" aliuliza.

"Karatasi," alisema Machano.

"Karatasi hii ningeweza kuipuliza ikaruka. Hewa ndiyo inayoyashika. Hewa ina nguvu ya kuyabeba maji haya na mengine zaidi." Kisha akaivuta karatasi, na maji yote yakamwagika mezani, yakamrowesha Zuwena magotini. "Haya niambieni. Hewa haikupungua nguvu. Kwa nini yamemwagika?"

Sikudhani ndiye aliyejibu, polepole. "Karatasi iliufanya uso wa maji uwe sawa. Ulipoitoa, uso ukapata kikunjo."

"Kikunjo kidogo kiasi gani?"

"Kidogo hata hakionekani."

"Basi hicho ndicho adui yetu," alisema Bi Kidawa. "Chepesi kikisukuma kizito, kila kikunjo kinakua. Kinakuwa kidole. Kidole kinaingia upande wa pili, vitu viwili vinachanganyika. Ganda letu likiwa na kikunjo, litatia vidole ndani ya kuni wakati zinataka kuwaka. Mmewahi kuona sufuria ya maji ya ugali yamechemka, mtu akamimina kikombe cha maji baridi? Ndivyo punje itakavyozimika."

Wote watatu waliyasikia maneno hayo. Naomba mlikumbuke hilo.

Lukumbo ilikuwa na desturi moja ya mafundi. Kazi ilikabidhiwa ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe. Anayetoa alisema, "Iko tayari." Anayepokea alisema, "Nimepokea." Ilikuwa haifai kuuliza. Kumuuliza fundi mwenzako ameifanyaje kazi yake ilikuwa ni kuitukana mikono yake, na watu walikuwa wamevunja urafiki wa miaka kwa swali moja kama hilo. Bi Kidawa aliikuta desturi hiyo mjini, akaiingiza na katika nyumba yake. Angeweza kuiacha nje. Aliona inaleta heshima.

Zuwena ndiye aliyeanza. Alikuwa amezaliwa kwa wafinyanzi. Alikaa na ganda miezi mitatu chini ya kioo cha kukuzia, akilisugua kwa unga laini kuliko poda ya mtoto. Aliondoa kila kovu, kila nundu, mpaka ganda likawa laini kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa Lukumbo. Siku ya mwisho akalitazama, akamkumbuka mama yake. Mama yake alifinyanga vyungu miaka arobaini, na kila chungu alikitia alama ya ukucha chini yake, kama mwezi mchanga. Alikufa kwa moshi wa jiko. Zuwena akachukua sindano, na kwa ncha yake akaweka juu ya ganda alama ya mama yake, ndogo kuliko vumbi.

Akafunika kitambaa, akasema, "Iko tayari."

Machano akasema, "Nimepokea." Aliiweka punje chini ya kioo chake akaiona ile alama. Hakuuliza.

Kazi ya Machano ilikuwa kulitoboa ganda na kuingiza kuni kwa mrija, kisha kuzigandisha ndani, mrija ukibaki umechomekwa. Alikuwa na mirija ya aina mbili. Mmoja mwembamba sana, unywele ulikuwa mnene kando yake, nao ungechukua siku arobaini. Wa pili ulikuwa mnene mara mbili, nao ungechukua siku kumi. Mrija ukiwa mnene, tundu linakuwa kubwa, na tundu nalo ni kikunjo. Machano alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini alitazama chupa ya kuni, akaona jinsi zinavyopungua kila siku, akachukua ule mnene.

Akafunika kitambaa, akasema, "Iko tayari."

Sikudhani akasema, "Nimepokea." Alipoitundika punje katikati ya taa aliuona mrija, akaona ni mnene. Hakuuliza.

Kazi ya Sikudhani ilikuwa kuchagua namna taa zitakavyoanza. Taa zikianza kwa kishindo, vikunjo vinanyooka kidogo, kama nguo chini ya pasi. Lakini kuni nazo zinapata joto mapema, zinakataa kubanwa, na moto unakuwa mdogo. Taa zikianza taratibu, kuni zinabanwa sana, na moto unakuwa mkubwa, ila vikunjo vinapata nafasi ya kukua. Sikudhani alikuwa amepiga hesabu mara nyingi. Kwa kishindo, punje ingewaka kwa hakika, lakini isingerudisha joto lililotakiwa na baraza. Kwa utaratibu, ingelirudisha mara mbili, kama tu punje ni safi.

Taa zilikuwa zimewekwa kuanza taratibu, na gurudumu la kubadilisha lilikuwa mbele yake. Aliweka mkono juu yake, akauangalia tena ule mrija. Kisha akauondoa mkono.

Akamgeukia Bi Kidawa, akasema, "Ziko tayari."

Na Bi Kidawa akasema, "Nimepokea." Hakuuliza.

Watu wa mji walisimama uwanjani. Taa ziliwaka. Waliokuwa ndani walisikia mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjika, na sindano ya kupimia joto ikapanda. Ikapanda, ikapanda, Machano akapiga kelele "Haya! Haya!" kama anayeshangilia ng'ombe. Ikafika karibu na mstari mwekundu wa baraza. Ikasimama, ikaanguka.

Ndipo ule ugomvi mlioukuta mwanzoni ukaanza.

"Nilikuwa nashindana na siku!" alisema Machano. "Ningengoja arobaini, ungeiwasha punje nusu tupu, halafu ungenicheka."

"Ungeniambia basi! Ningeanza kwa kishindo!"

"Nikwambie nini? Ulikuwa huna macho?"

"Nilikuwa nayo, Mzee wangu. Na wewe ulikuwa na yako. Nani alitia kovu pale juu? Panya?"

Hapo wote wawili wakamtazama Zuwena aliyekaa sakafuni.

"Si kovu," alisema Zuwena. "Ni mama."

Bi Kidawa akaingia na bamba la picha, kwa maana walikuwa na chombo kilichopiga picha ya punje wakati inabanwa. Akaliweka mezani. Katikati palionekana doa jeupe, ndizo kuni zilizokuwa zimeanza kuwaka. Kuzunguka doa hilo palikuwa na vidole vyeusi vya ganda vikiingia ndani, vingi, vimesokotana kama mizizi.

"Kipi ni cha alama yangu?" Zuwena aliuliza.

"Sijui," alisema Bi Kidawa.

"Na kipi cha mrija?" aliuliza Machano.

"Sijui. Vimechanganyika. Nimepiga hesabu upya. Alama peke yake, punje ingewaka. Mrija peke yake, ingewaka. Kuanza taratibu peke yake, ingewaka, tena vizuri sana. Vyote vitatu pamoja ndivyo vilivyoizima."

Chumba kikaendelea kupoa.

Siku ya pili baraza likakaa. Halikufunga nyumba. Lilisema visima vitaendelea kutoa maji, miaka tisa mingine, lakini watu waliobeba ndoo wanataka kujua ni nani aliyewapotezea ile ya kwanza. Basi litajwe jina moja. Atakayetajwa atatoka, na hatashika tena kazi ya ufundi Lukumbo maisha yake yote. Na Bi Kidawa asijitaje yeye, kwa sababu nyumba bila yeye haina anayeijua, itabidi ifungwe na visima viachwe. Mjumbe angekuja siku ya tatu kuchukua jina.

Sasa, mngedhani wale watatu wangeendelea kusukumiana. Hata mimi ningedhani hivyo. Lakini wakati ule wa kusukumiana walikuwa bado hawajaliona bamba.

Zuwena ndiye aliyetangulia kumwendea Bi Kidawa. Alimkuta akifuta vioo vya taa.

"Nitaje mimi, Bi Mkubwa. Machano alikuwa na sababu, na yule mtoto alikuwa na sababu. Mimi sikuwa na sababu ya kazi. Wenzangu walikosea wakiitafutia punje moto. Mimi niliifanya kaburi la mama yangu."

"Mama yako aliuawa na moshi, Zuwena. Ulitaka awepo."

"Nilitaka awepo. Na kwa ajili yangu wengine watavuta moshi miaka tisa. Ningemwambia nini mama?"

Bi Kidawa akafuta kioo kingine. Zuwena ndiye mtu pekee Lukumbo aliyeweza kusugua ganda lile. Akitoka, pengine haitapatikana punje nyingine.

Alipotoka Zuwena, Machano akaja. Alikuja bila kofia, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mtu.

"Mwanangu Kidawa," alisema, maana alikuwa amemzidi umri, "nimesema uongo. Kuni zilikuwa zinapungua, kweli. Lakini zingetosha siku arobaini. Nilipima."

"Kwa nini basi?"

Machano akanyoosha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. "Ule mwembamba sikuweza kuushika. Nilijaribu siku tatu. Nilivunja miwili nikaificha. Nilisema nikiomba msaada, watanipa kiti nje nikae na wazee wa bao. Nitaje mimi. Mimi nilificha, na mwenye kuficha ana kosa kubwa kuliko aliyekosea."

"Ukitajwa utakufa kwa aibu, Mzee."

"Na nisipotajwa nitaishi nayo. Chagua wewe."

Machano alikuwa amefundisha kila mtu aliyejua kujaza chochote katika mji ule. Mikono ilikuwa imekwisha, lakini kichwa kilikuwa bado kizima.

Sikudhani alikuja mwisho, macho yamevimba.

"Mama Kidawa, usiwasikilize. Najua wamekuja. Wao hawakujua litakalofuata, mimi nilijua. Niliuona mrija. Niliiona na alama, nilipogeuza punje chini ya kioo. Mkono wangu ulikuwa juu ya gurudumu. Mara moja tu! Ningelizungusha mara moja tungepata moto."

"Mdogo. Baraza lingeukataa."

"Lakini ungekuwa moto! Watu wangeuona kwa macho yao, wangejua inawezekana. Niliuacha ule wa hakika nikataka mkubwa. Nilikuwa nimeshafikiria watu wataniitaje sokoni." Akajifuta pua kwa kiganja. "Na nilisema moyoni, mimi ni nani nimuaibishe Mzee Machano kwa kumuuliza? Nikaiita heshima. Haikuwa heshima. Ningemuuliza, angeniambia, ningelazimika kuzungusha."

"Una miaka ishirini na mmoja, Sikudhani. Hao wengine ufundi wameshaula. Wewe utaishi miaka hamsini bila kushika kitu."

"Najua hesabu," alisema Sikudhani. "Ndiyo kazi yangu."

Siku ya tatu ikafika. Watatu wote walisimama ndani, bega kwa bega, kila mmoja ameshafunga mzigo wake. Zuwena aliufungua mzigo wa Machano, akautengeneza vizuri, akaufunga tena.

Mjumbe wa baraza akaja, na nyuma yake kina mama waliokuwa wamebeba ndoo miaka yote tisa. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa na karatasi na kalamu. Bi Kidawa akamwendea.

Hakumpa jina. Alimweleza yote, kwa sauti ili na kina mama wasikie. Alimweleza juu ya alama na jinsi Zuwena alivyomkumbuka mama yake. Alimweleza juu ya mrija na mikono ya Machano. Alimweleza juu ya gurudumu. Kisha akasema:

"Na mimi pia. Mwaka huu, mara mbili, nilimwona Mzee Machano akimwaga chai. Mara zote mbili nilitazama kando. Nilisema namstahi. Niliwaonyesha hawa glasi ya maji, nikawaambia adui yetu ni kikunjo kisichoonekana, kisha nikawapa vitambaa vya kufunikia vikunjo vyao. Wangekuwa wanaulizana, punje ingewaka. Desturi niliiingiza mimi. Mnaniambia nisijitaje. Nikijitaja, nyumba inafungwa na ninyi mtabaki na moshi. Nikimtaja Zuwena, sina msuguaji. Nikimtaja Mzee Machano, nimemfukuza mtu kwa sababu amezeeka akiwatumikia. Nikimtaja Sikudhani, nimemkata mikono mtu pekee kati yetu ambaye angeweza kuiona punje ya pili akiwa bado na nguvu."

Mwanamke mmoja kati ya wale wa ndoo akasema, "Lakini maji tulibeba sisi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza anapoumwa.

"Mlibeba ninyi," alisema Bi Kidawa. "Sijasahau hata ndoo moja."

Ninyi mnaonisikiliza, mimi nimeligeuza jambo hili kila upande, na kila nikidhani nimempata mwenye kosa, namwona mwenzake amesimama na mzigo wake. Simameni ninyi pale aliposimama Bi Kidawa.

Mjumbe alikuwa ameyasikia yote. Alifuta macho kwa mkono wenye kalamu, akaiegemeza karatasi kwenye mwimo wa mlango, akasema:

"Bi Kidawa, nimekuelewa. Lakini karatasi niliyopewa ina mstari mmoja tu. Niandike jina la nani?"